Mwili wa Mtu: Kila Kiungo na Jina Lake

1. Mama na mtoto dispensarini

Asubuhi moja ya mvua, mama mmoja alishuka njia ya mlimani karibu na Lwiro, mtoto wake mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili. Siku nne zilikuwa zimepita, hachezi, hacheki, wala hataki chakula. Mama akafika dispensarini, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, akangoja mpaka akaitwa.

«Karibu, mama. Mtoto anaumwa nini?» muuguzi akauliza.

«Anaumwa mguu, mganga.»

«Mguu gani?»

«Miguu yote miwili.»

«Mahali gani pa mguu?»

Mama akanyamaza. Kwake mguu ulikuwa mguu tu. Akapitisha mkono hewani kutoka kiunoni mpaka chini. Basi muuguzi akaanza juu. Akapapasa nyonga, akashika paja, akakunja goti. Mtoto hakulia. Ndipo mama aliposema: «Si huko, mganga. Ni huku chini kabisa, juu ya unyayo. Pamejaa. Jirani zangu wasema mtoto amenona.»

Muuguzi akaweka kidole gumba juu ya unyayo wa kulia, akabonyeza polepole kwa muda mfupi, kisha akaondoa. Shimo likabaki, kama shimo la kidole katika ugali. Akafanya vivyo hivyo kwa mguu wa kushoto. Shimo likabaki tena.

«Mama,» akasema, «huku si kunona. Ni maji. Umefanya vizuri kuja leo.»

Habari ya mtoto huyu itaendelea mwisho wa somo. Kwanza tazameni jambo moja. Mama alikuwa na macho mazuri: aliona uvimbe kabla ya watu wengine. Alikosa kitu kimoja tu, yaani maneno ya kuonyesha mahali. Mganga hawezi kuingia ndani ya mwili wa mgonjwa na kusikia maumivu yake. Husikia kwa maneno ya mgonjwa. Kwa hiyo mtu ajuaye majina ya viungo vyake amekwisha kufanya nusu ya safari ya kupona.

2. Sehemu kuu za mwili

Mwili wa mtu una sehemu tatu kubwa: kichwa, kiwiliwili, na viungo vya pembeni, yaani mikono na miguu. Shingo huunganisha kichwa na kiwiliwili.

Mwili wote umefunikwa na ngozi. Ngozi ni kama ukuta wa nyumba: huzuia uchafu usiingie, na huzuia maji ya ndani yasipotee ovyo. Tena ina matundu madogo sana yanayotoa jasho ili mwili upoe. Chini ya ngozi kuna mafuta, kisha misuli, kisha mifupa.

3. Kichwa

Sehemu ya juu kabisa ya kichwa huitwa utosi. Nyuma ni kisogo. Mbele, juu ya macho, ni paji la uso. Kandokando, kati ya jicho na sikio, ni panja. Mtu akisema tu «kichwa kinauma», bado hajasema mengi. Aseme: ni kisogo, au ni paji, au ni panja moja tu.

Kichwani mna fuvu, nalo ni sanduku gumu la mfupa. Ndani ya sanduku hilo umo ubongo, bwana wa mwili wote. Mtoto mchanga fuvu lake halijafungana bado. Penye utosi pana mahali laini, pasipo mfupa. Mtoto anayeharisha sana, utosi wake ukididimia, ni alama kwamba mwili wake umepungukiwa na maji. Apelekwe kwa mganga upesi, siku ile ile.

Kinywani mna ulimi, ufizi na meno. Mtoto huota meno 20 ya utoto, nayo hung'oka moja moja. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32.

4. Shingo, na habari ya kisiwa cha Idjwi

Ndani ya shingo mna njia mbili. Ya mbele ni ya hewa: huitwa koo la hewa, nayo huenda mapafuni. Ya nyuma ni ya chakula: huitwa umio, nayo huenda kwenye mfuko wa chakula. Chakula kikipotea njia na kuingia katika koo la hewa, mtu hupaliwa.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, pana tezi. Tezi ni kiungo kinachotengeneza maji maalumu yanayohitajiwa na mwili. Tezi la shingo ni dogo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Kazi yake ni kubwa: huamuru mwili ukue kwa kadiri, na ubongo wa mtoto ukomae. Ili lifanye kazi hiyo, lahitaji iodini. Iodini hupatikana katika samaki wa baharini na katika chumvi iliyotiwa iodini. Mtu mzima ahitaji kidogo mno, maikrogramu 150 kwa siku. Ni kidogo hata jicho lisione, lakini hakiwezi kukosekana.

Iodini ikikosekana, tezi hujitahidi, nalo huvimba. Uvimbe huo huitwa rovu, na wengine huuita goita. Katika nchi za milima, mvua za miaka maelfu zimeosha udongo na kuichukua iodini. Ndivyo ilivyokuwa katika milima ya Kivu.

Katika mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, kilometa kama 45 kaskazini mwa Bukavu. Siku hizi kituo hicho huitwa CRSN, yaani Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Lwiro na waganga kutoka Ubelgiji walivuka ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi. Walishika shingo za watu, kijiji kwa kijiji, nao wakaona jambo la ajabu. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi waliokuwa nalo ni wachache. Lakini iodini ilikuwa imepungua pande zote mbili!

Basi tofauti ilitoka wapi? Watafiti wakatazama chakula, wakaona kwamba muhogo wa kaskazini una sehemu katika jambo hilo. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu. Usipolowekwa vema na kukaushwa, sumu hubaki. Mwili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kinachoizuia iodini isiingie katika tezi. Kwa hiyo mwenye iodini kidogo hunyimwa hata ile kidogo aliyo nayo.

Madhara yake si uvimbe tu. Mama mja mzito akikosa iodini sana, mtoto wake aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au kiziwi, au asiyekua. Watu wa Idjwi walidungwa sindano za mafuta yenye iodini, na baadaye chumvi yenye iodini ikaenea. Tazameni basi: tezi dogo, ambalo watu wengi hawajui hata jina lake, laweza kubadili maisha ya kisiwa kizima.

5. Kifua

Kiwiliwili kina vyumba viwili, cha juu na cha chini. Chumba cha juu ni kifua, cha chini ni tumbo. Katikati pana ukuta mwembamba wa msuli, nao huitwa kiwambo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia mapafuni. Kikipanda, hewa hutoka.

Kifua kimezungushiwa mbavu, jozi 12, kama fito za tenga. Mbele, katikati, ni mfupa wa kidari. Ndani mna mapafu mawili. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili tu, kwa sababu limempisha jirani yake, moyo.

Moyo ni msuli wenye ukubwa kama ngumi ya mwenyewe. Uko nyuma ya kidari, nao umeelekea kushoto kidogo. Kazi yake ni kusukuma damu, mchana na usiku, bila kupumzika. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, nawe utasikia mapigo. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wa mtoto hupiga upesi zaidi.

Hapa wengi hukosea. Mtu huja akisema: «Moyo unaniuma.» Akiulizwa aonyeshe, huweka kidole chini ya kidari, palipo na kishimo. Mahali hapo huitwa chembe cha moyo, lakini moyo hauko hapo! Mara nyingi aumwaye pale ni mfuko wa chakula. Mwingine husema «roho inauma». Mganga akisikia hivyo, hajui kama mtu ana huzuni, au ana njaa, au ana ugonjwa wa moyo. Kidole kionyeshe, na jina lifuate.

6. Tumbo

Neno «tumbo» ni kama neno «soko». Ukisema «nimekwenda sokoni», hujasema bado kama ulinunua samaki au nguo. Ndani ya tumbo mna viungo vingi, na kila kimoja kina mahali pake.

Upande wa kulia, chini ya mbavu, ni ini. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Husafisha damu na kutengeneza nyongo, maji machungu yanayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula.

Upande wa kushoto ni mfuko wa chakula, na nyuma yake ni bandama. Mtu mwenye afya haisikii bandama yake kwa mkono. Lakini mtoto aliyeshikwa na malaria mara nyingi bandama yake huvimba, hata huonekana chini ya mbavu za kushoto. Mtoto wa namna hiyo asipigwe tumboni wala asicheze mieleka, kwa maana bandama iliyovimba yaweza kupasuka.

Kutoka mfuko wa chakula huanza utumbo mwembamba. Urefu wake ni kama meta 6, nao umekunjwakunjwa kama kamba ndani ya kikapu. Hapo ndipo mwili unapochukua nguvu ya chakula. Kisha hufuata utumbo mpana, kama meta moja na nusu, nao hunyonya maji. Mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia, pamening'inia kitu kidogo kama mnyoo. Huitwa kidole tumbo. Kikishikwa na ugonjwa, maumivu mara nyingi huanza kitovuni, kisha huhamia chini kulia. Mgonjwa akieleza safari hiyo ya maumivu, mganga hutambua upesi kwamba labda kupasuliwa kwahitajika. Mgonjwa akisema «tumbo tu», saa nyingi hupotea.

Nyuma, kandokando ya uti wa mgongo, ni figo mbili. Huchuja damu, na uchafu hushuka katika kibofu kuwa mkojo.

7. Mikono na miguu

Katika Kiswahili neno «mkono» huanza begani na kwisha ncha za vidole. Neno «mguu» huanza nyongani na kwisha vidoleni. Ni maneno makubwa. Ndani yake mna majina madogo.

Mkono: bega, chini ya bega, kwapa, kisha mkono wa juu, kiwiko, kigasha, kifundo cha mkono, kiganja, vidole. Vidole ni gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, na cha mwisho. Kutoka kifundo mpaka ncha za vidole mna mifupa 27 katika kila mkono. Ndiyo sababu mtu aweza kushika jembe, na tena aweza kutia uzi katika sindano.

Mguu: nyonga, paja, goti, mbele ya mguu, muundi, nyuma yake, shavu la mguu, kifundo cha mguu, kisigino, wayo, vidole. Mfupa wa paja ni mrefu kuliko mifupa yote ya mwili. Ulio mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio.

8. Mifupa, misuli na mishipa

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana mingi zaidi, kwa sababu mingine huungana anapokua. Nguzo ya mwili ni uti wa mgongo, nao umefanywa kwa pingili, kama muwa. Mahali mifupa miwili inapokutana huitwa kiungo, kama goti au kiwiko. Mfupa na mfupa hufungwa kwa kano, na msuli pia hushikamana na mfupa kwa kano.

Sasa neno gumu: mshipa. Watu huita mishipa vitu vingi. Bomba linalopitisha damu ni mshipa wa damu. Uzi unaochukua habari kati ya ubongo na mwili ni mshipa wa fahamu. Kano iliyo nyuma ya kisigino wengine huiita mshipa. Na mwingine husema «nina mshipa», kumbe ana ngiri, yaani utumbo umepenya mahali palipo dhaifu. Magonjwa haya ni mbalimbali, na dawa zake ni mbalimbali. Afadhali mtu aseme maneno mawili au matatu kuliko kusema moja lenye giza.

9. Tena mama na mtoto

Yule mtoto alikuwa na ugonjwa gani? Watu wa Kivu huuita bwaki. Waganga huuita kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga ya Ghana, lililoletwa katika vitabu vya uganga na mganga mwanamke Cicely Williams katika miaka ya 1930. Humpata hasa mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha akalishwa muhogo au ndizi bila kitu kingine cha kumjenga. Miguu hujaa maji, nywele hubadilika rangi, ngozi hubanduka, na uso huvimba. Kwa hiyo jirani husema amenona, na wakati wenyewe mtoto anakwisha.

Muuguzi alichukua utepe wa kupimia. Akatafuta katikati ya mkono wa juu wa kushoto, baina ya ncha ya bega na kiwiko, akauzungusha hapo. Si kigasha, wala si kwapani: hapo katikati tu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akipimwa na kuonekana chini ya sentimeta 11 na nusu, utapiamlo wake ni mkali. Na miguu yote miwili ikiwa na maji, ni mkali vilevile, hata kama mkono unaonekana mnene.

«Apelekwe hospitali leo,» muuguzi akasema. Huko Lwiro iko hospitali ya watoto ambayo imewatibu wenye ugonjwa huu kwa miaka mingi. Watafiti waliwatafuta tena watu waliotibiwa hapo wakiwa wadogo, kati ya 1988 na 2007. Waliwakuta wengi wakiwa watu wazima. Waliokoka, lakini kwa jumla hawakufika mbali shuleni kama wenzao. Yaani ugonjwa wa miezi michache waweza kuacha alama ya miaka mingi. Kuponya ni kwema. Kuona mapema ni bora zaidi.

Mtoto akalazwa. Akapewa maziwa yaliyotengenezwa kwa wagonjwa wa namna hiyo, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maji yakatoka miguuni, na mtoto akaonekana mwembamba kuliko mwanzo. Mama akaogopa, lakini wauguzi wakamweleza kwamba sasa ndio uzito wake wa kweli. Kisha akaanza kula uji wa soya, maharage yaliyopondwa, na sambaza wa ziwani. Siku moja akacheka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, jirani mmoja akawakuta njiani, naye alikuwa na mjukuu wake mgongoni. Akasema kwa furaha: «Tazama, mama, na wangu amenona miguu!»

Mama hakucheka. Akaweka mzigo chini. «Mlete hapa, mzee wangu,» akasema. Akaweka kidole gumba juu ya unyayo wa yule mtoto, akabonyeza, akangoja, akaondoa. Shimo likabaki.

«Twende sote dispensarini,» akasema. «Nitakusindikiza. Na ukiulizwa mahali, usiseme mguu. Sema: juu ya unyayo, miguu yote miwili, kidole kinaacha shimo.»

Maneno ya kukumbuka

Utosi: sehemu ya juu ya kichwa.
Tezi: kiungo kinachotengeneza maji maalumu ya mwili.
Rovu: uvimbe wa tezi la shingo.
Kiwambo: ukuta wa msuli kati ya kifua na tumbo.
Chembe cha moyo: kishimo kilicho chini ya kidari.
Bandama: kiungo cha kushoto, chini ya mbavu.
Kigasha: mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo.
Muundi: mbele ya mguu, chini ya goti.
Kano: kamba ngumu inayofunga mifupa na misuli.

Maswali

1. Kwa nini muuguzi alianza kupapasa nyonga, hali uvimbe ulikuwa juu ya unyayo?
2. Taja njia mbili zilizomo shingoni, na kazi ya kila moja.
3. Kaskazini na kusini-magharibi mwa Idjwi iodini ilipungua vilevile. Kwa nini rovu halikuwa sawa?
4. Mtu asema «moyo unaniuma», naye aonyesha chembe cha moyo. Ni kiungo gani huenda kinauma?
5. Bandama iko upande gani? Kwa nini mtoto mwenye bandama iliyovimba asicheze mieleka?
6. Neno «mshipa» lina maana gani mbalimbali? Taja tatu.
7. Utepe wa kupimia mtoto huzungushwa mahali gani hasa?
8. Kazi ya nyumbani: Mwulize mama yako, au bibi yako, majina ya viungo kwa lugha ya nyumbani. Yaandike pamoja na majina ya Kiswahili, kuanzia utosi mpaka kisigino.